Maskini Kwanza? Swali la Paul Farmer

Desemba 1988, watu watatu walikufa kwa kifua kikuu katika vijiji vya Uwanda wa Kati nchini Haiti. Wote walikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, hakuna aliyekuwa na VVU, na dawa walikuwa wakipewa bure. Kwenye zahanati ya Zanmi Lasante, katika kijiji cha Cange, wahudumu waliketi kuulizana kosa liko wapi. Wasomi wa zahanati, yaani madaktari na wauguzi, walielekea kulaumu imani na ujinga: mtu anayedhani ametupiwa kikohozi na mchawi atamezaje vidonge miezi mingi? Wahudumu wa afya wa vijijini, waliokuwa majirani wa wagonjwa, walisema jambo jingine kabisa. Wanaofanya vibaya zaidi, walisema, ni wale wasio na chakula wala fedha.

Ubishi wa vikaoni kwa kawaida huishia kwenye muhtasari. Huu uligeuka utafiti, kwa sababu miongoni mwa watu wa zahanati hiyo alikuwamo Mmarekani wa miaka 29 aliyekuwa bado mwanafunzi. Paul Farmer alikuwa akisoma shahada mbili kwa pamoja katika Chuo Kikuu cha Harvard, udaktari wa tiba na uzamivu wa anthropolojia, lakini darasani alionekana kwa nadra hata wenzake wakamtania kwa kumwita Paul Mgeni. Makazi yake yalikuwa Cange. Alirudi Boston kufanya mitihani na mafunzo ya wodini, kisha huyo tena Haiti.

Swali lililomkabili halikuwa la kitabibu peke yake. Wagonjwa walipewa dawa ile ile, bila malipo, pasipo kuulizwa kabila wala dini. Kwa kipimo cha kawaida, hiyo ndiyo haki. Sasa, ikiwa haki ya namna hiyo inawaacha maskini zaidi wafe, je, ni halali kumpa mmoja zaidi ya mwenzake kwa sababu tu hana kitu? Na je, Mungu mwenyewe, ambaye dini nyingi zinasema hana ubaguzi, anaweza kuwa na upande?

Farmer hakulikuta swali hilo Haiti. Alizaliwa mwaka 1959 huko North Adams, Massachusetts, akakulia Florida katika familia ya watoto sita iliyowahi kuishi ndani ya basi lililogeuzwa nyumba, kisha ndani ya mashua. Wakati mmoja familia hiyo ilienda kuchuma machungwa kwa ujira, na huko kijana huyo akasikia Kikrioli cha Haiti kutoka kwa vibarua waliokuwa juu ya miti. Akapata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Duke. Akiwa huko, tarehe 24 Machi 1980, Askofu Mkuu Óscar Romero alipigwa risasi altareni jijini San Salvador. Desemba ya mwaka huo huo wanawake wanne wa Kanisa kutoka Marekani waliuawa katika nchi hiyo hiyo ya El Salvador, wawili kati yao wakiwa masista wa Maryknoll. Farmer alikuwa Mkatoliki asiye na bidii. Vifo hivyo vilimfanya atake kujua watu hao waliamini nini hasa. Na hakulazimika kwenda mbali: kwenye mashamba ya tumbaku ya North Carolina, jirani na chuo chake, alimkuta sista mmoja Mkatoliki akiwatetea vibarua wa Kihaiti.

Imani hiyo ilikuwa imeshaandikwa. Maaskofu wa Amerika ya Kilatini walikutana Medellín mwaka 1968, wakakutana tena Puebla mwaka 1979, na katikati ya mikutano hiyo, mwaka 1971, padri wa Peru, Gustavo Gutiérrez, alitoa kitabu kilichoipa teolojia ya ukombozi jina lake. Dai lao kuu ni kwamba Mungu anawapenda wote lakini huanza na maskini. Huanza nao si kwa kuwa ni wema kuliko wengine (maskini wapo wema na wapo wabaya, kama matajiri), bali kwa kuwa wanakufa kabla ya siku zao. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho ilichapishwa mwaka 1973 na Orbis, shirika la uchapishaji la Wamaryknoll. Jina hilo si geni kwa Watanzania. Mbele ya masista wa Maryknoll, huko New York, Oktoba 1970, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuonya kwamba Kanisa lisiposhiriki kuipinga mifumo inayowafunga watu katika umaskini na udhalili, halitakuwa na maana tena kwa mwanadamu.

Wala wazo hili si mali ya Wakatoliki. Msomaji Mwislamu atakumbuka sababu ya kushuka kwa Sura ya Abasa. Mtume alikuwa akizungumza na vigogo wa Makureshi, akitumaini watasilimu, ndipo kipofu, Ibn Umm Maktum, akaja na swali lake. Mtume akakunja uso. Wahyi ulioshuka ulimtetea kipofu. Na fedha za zaka, kwa mafundisho ya Kurani, mwombaji na aliyenyimwa wana haki nazo. Anayezitoa hajafanya hisani.

Pingamizi zito kuliko yote, hata hivyo, linatoka ndani ya Maandiko yale yale. Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinamkataza mtu kumpendelea maskini katika kesi yake. Sura ya nne ya Kurani nayo inawaamuru waumini wasimame imara katika uadilifu, awe mhusika tajiri au fakiri. Na Mambo ya Walawi, sura ya 19, inaweka amri mbili karibu karibu: mwenye shamba asivune hadi pembezoni, masazo ayaachie maskini na mgeni, na hakimu asimpendelee maskini wala asimstahi mkubwa. Sura moja, amri mbili, moja ikitaka maskini atangulizwe na nyingine ikikataza.

Wanaozisoma kwa haraka husema zinagongana. Hazigongani. Mahakamani swali ni nani alifanya nini, na jibu halibadiliki kwa sababu mshtakiwa ana njaa. Shambani swali ni nani atakula leo, na hapo njaa ndiyo ushahidi wenyewe. Kwa hiyo ubishi wa Cange unaweza kuulizwa upya: zahanati ni mahakama au ni shamba? Daktari anayempa kila mgonjwa vidonge sawasawa na kunawa mikono anafanya kazi kama hakimu. Inawezekana yuko kwenye jengo lisilo lake.

Mwaka ule ule wa 1971 wasiokuwa watu wa altare nao walikuwa wakilizunguka jambo hili. Mwanafalsafa John Rawls wa Harvard alitoa kitabu chake kuhusu nadharia ya haki, akisema tofauti za kipato na vyeo zinaruhusika pale tu zinapomnufaisha aliye chini kabisa. Na Julian Tudor Hart, daktari wa wachimba makaa huko Wales, aliandika katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupatikana kinyume na mahitaji: penye wagonjwa wengi ni haba, penye wazima imejaa. Asiyeamini alinganishe idadi ya madaktari bingwa wa Dar es Salaam na wale wa Katavi.

Turudi Cange. Kijiji chenyewe kilizaliwa na maji. Mwaka 1956 bwawa la Péligre lilikamilika kwenye mto Artibonite, wahandisi na fedha vikitoka Marekani; umeme ukaenda Port-au-Prince na kwenye viwanda, na wakulima waliokuwa na mashamba mazuri bondeni wakapanda milimani kwenye mawe. Hawakupata umeme wala maji ya kumwagilia. Farmer alipoanza kuandika tasnifu yake alikataa kueleza maradhi ya watu hao kwa mila zao huku akiliruka bwawa. Alitumia istilahi iliyoasisiwa na Johan Galtung wa Norway mwaka 1969, ukatili wa mfumo: madhara yanayompata mtu bila mkono wa mtu mmoja kuonekana.

Utafiti wa kifua kikuu ulikuwa rahisi kuueleza. Wagonjwa waligawanywa kwa makundi mawili kufuata maeneo wanayoishi. Wote walipata uchunguzi na dawa bure. Kundi moja liliongezewa vitu ambavyo daktari wa kawaida haandiki kwenye karatasi ya dawa: mhudumu wa kijiji aliyepita nyumbani kwa mgonjwa, chakula cha nyongeza, nauli ya kwenda zahanati, na posho ya dola 30 kwa mwezi katika miezi ya mwanzo. Katika kundi lililopewa dawa tupu, waliopona ni asilimia 48. Katika kundi jingine walipona wote.

Na uchawi? Farmer aliwauliza wagonjwa. Wengi waliamini kwamba kifua kikuu kinaweza kutumwa na mtu, na imani hiyo haikuonyesha uhusiano wowote na kumaliza dozi. Bibi mmoja aliyeulizwa kwa nini amemeza dawa za zahanati ilhali anajua aliyemroga, alimjibu kijana huyo kama mtu anayeshangaa msomi ameshindwa kushika mambo mawili kwa wakati mmoja. Msomaji wa pwani, ambaye amewahi kuona sindano ya hospitali na kombe la shehe vikitumika katika nyumba moja, hatahitaji maelezo.

Matokeo haya hayakuthibitisha kwamba Mungu yuko upande wa maskini. Hakuna takwimu inayoweza kufanya hivyo. Yalithibitisha jambo dogo zaidi lenye uzito wake: kwamba huduma iliyokuwa sawa kwenye karatasi haikuwa sawa. Kidonge kimoja kwa mtu aliyeshiba na anayeishi jirani na zahanati, na kidonge hicho hicho kwa mwenye njaa anayetembea saa kadhaa kukifuata, ni huduma mbili tofauti. Aliyemwongezea wa pili nauli na unga ndiye aliyewafanya wawe sawa. Teolojia ilimwelekeza Farmer wapi pa kutazama, na hesabu ikamwonyesha kwamba wahudumu wa vijijini, wenye elimu ndogo kuliko wote kikaoni, walikuwa wameona sawasawa tangu mwanzo.

Alihitimu shahada zote mbili mwaka 1990. Miaka mitatu kabla, pamoja na Ophelia Dahl, Jim Yong Kim, Todd McCormack na mkandarasi tajiri wa Boston aitwaye Tom White, alikuwa ameanzisha shirika la Partners In Health. Tasnifu yake ikatoka kama kitabu mwaka 1992, kikieleza jinsi UKIMWI ulivyogeuzwa shutuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mamlaka za afya za Marekani ziliwaweka Wahaiti, taifa zima, katika orodha ya makundi ya hatari. Wahaiti nao walikuwa na shutuma zao, nyingine kwa majirani, nyingine kwa Wamarekani.

Jaribio kubwa zaidi la swali lake lilikuja Peru, na hapa Tanzania inaingia kwenye hadithi kwa njia ambayo wengi hawaijui. Mpango uliokuja kuenezwa na Shirika la Afya Duniani katikati ya miaka ya 1990, wa mgonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa mbele ya mhudumu, ulitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia aliyeugua kifua kikuu katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen, na ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alisaidia kujenga mpango wa taifa wa Tanzania wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Ulifanya kazi, na kwa gharama nafuu. Lakini mafanikio hayo yaligeuka kanuni ngumu: mgonjwa wa nchi maskini ambaye kifua kikuu chake kimekuwa sugu kwa dawa za kawaida hakuwa na nafasi, kwa kuwa dawa zake zilikuwa ghali mno. Katika vitongoji vya Carabayllo, kaskazini mwa Lima, watu hao walikuwa wakifa. Mwaka 1995 alikufa kwa ugonjwa huo padri Jack Roussin, rafiki wa Farmer aliyehudumu huko. Yeye alikuwa Mmarekani, kwa hiyo ugonjwa wake uligunduliwa Boston. Majirani zake walikohoa tu.

Farmer na Kim wakaanza kuwatibu. Dawa walizichukua kwenye famasia ya hospitali moja ya Boston, malipo yakingoja, mpaka deni likafika dola 92,000 na Tom White akalilipa. (Mkaguzi yeyote wa hesabu angewafukuza kazi, na kwa kanuni zake angekuwa na haki.) Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya waliotibiwa kwa angalau miezi minne walikuwa na dalili za kupona. Wakati huo bei za dawa nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeporomoka, kwa sababu watu walikaa na watengenezaji na kudai zishushwe. Hapo hoja ya gharama ilionyesha udhaifu wake wa kifalsafa. Wataalamu waliichukua bei kama mvua au kiangazi, jambo lisilo na mwenyewe, wakajenga juu yake hesabu ya nani aishi. Bei iliwekwa na watu, na watu wakaishusha.

Kisa cha saa nacho kisisahauliwe. Mwaka 2001, mjadala wa kuwapa Waafrika dawa za kufubaza VVU ukiwa moto, Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, alidai kuwa Waafrika wengi wasingeweza kumeza dawa kwa wakati kwa sababu hawajui saa za Kimagharibi. Kwa watu ambao saa yao ya kwanza huanza jua linapochomoza, na wanaoswali mara tano kwa siku bila kukosea, lilikuwa tusi lenye kichekesho ndani yake. Mwaka 2006 jarida la JAMA lilichapisha majumuisho ya tafiti nyingi: wanaofuata dozi ipasavyo kusini mwa Sahara walikuwa asilimia 77, Amerika ya Kaskazini asilimia 55. Cange ilikuwa imeshaanza kutoa dawa hizo bure kwa wagonjwa maskini tangu mwaka 1998, kwa mtindo ule ule wa mhudumu wa kijiji kupita mlangoni.

Mpaka hapa ushahidi unambeba Farmer. Kuna mahali haumbebi. Tracy Kidder, katika kitabu chake cha mwaka 2003, anasimulia habari za mtoto wa Kihaiti mwenye saratani nyuma ya pua, ambaye shirika lilimkodia ndege ya wagonjwa hadi Boston kwa karibu dola 20,000. Ilikuwa imechelewa, saratani ilikuwa imeshasambaa, na mtoto alifia huko. Fedha hizo zingetibu wagonjwa wengi wa kifua kikuu. Hata ndani ya shirika watu waliguna.

Mtu anaweza kujibu kwamba hakuna anayeuliza dola hizo zingefanya nini zinapolipia likizo ya tajiri, na jibu hilo lina ukweli, ila linakwepa. Aliyechagua kuwatanguliza maskini hajaambiwa bado amtangulize maskini yupi. Mfano wa mchungaji anayewaacha kondoo tisini na tisa unasisimua kanisani. Kwenye bajeti, wale tisini na tisa nao wana mama zao. Farmer aliishi ndani ya mvutano huo bila kuutatua, akikataa kukiri kuwa fungu ni dogo na akitumia maisha yake kulipanua. Kama mkakati, ilifanya kazi kwa kiwango cha kushangaza. Kama jibu la kifalsafa, lina pengo, na wanaomsifu wangemheshimu zaidi kwa kulisema.

Lipo pengo la pili, linalomhusu kila mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayeamua kutafiti tofauti za afya baina ya wenye nacho na wasio nacho. Shahada yake inatokana na maradhi ya watu wengine. Akimaliza, yeye anapata cheo. Mgonjwa aliyejibu dodoso anabaki na kikohozi chake. Uganda, Kenya na Tanzania zina vijiji ambavyo vimeulizwa maswali na watafiti mpaka watoto wanayajua majibu. Farmer alilipa deni hilo kwa kutoondoka, na kwa kujenga. Mwaka 2005 shirika lake lilianza kazi Rwanda; Januari 2011 ilifunguliwa hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, milimani kaskazini mwa nchi; na mwaka 2015 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani, ambacho kampasi yake iko Butaro hapo hapo, ili Mwafrika anayetaka kusomea mambo haya asilazimike kupitia Boston. Huko Butaro ndiko Farmer alikofariki usingizini, tarehe 21 Februari 2022, akiwa huko kwa kazi ya kufundisha.

Si kila mwanafunzi anaweza kujenga hospitali, na wala haitakiwi. Lakini bajeti ya utafiti kila mmoja anaiandika. Kamati za maadili za vyuo vyetu na za taifa zina fomu ndefu za kuhakikisha mshiriki hadhuriki, na ni jambo jema. Ziongeze kipengele kimoja cha lazima: mtafiti akimkuta mshiriki mgonjwa, fedha za nauli, chakula na dawa zitatoka fungu gani? Pendekezo lisilo na jibu la swali hilo lirudishwe kwa mwandishi wake.